UZI: Kupasuliwa pua na antibiotiki za kuzuia, ni dozi moja kabla ya kisu au wiki nzima ya vidonge?

Nesi wa Thieta, Malindi

Asalaam aleikum na hamjambo wote. Mimi ni nesi wa thieta huku Malindi na mada hii naileta manake maswali ni yale yale kila siku. Mtu kaenda Mombasa kunyooshwa ukuta wa pua au kutolewa nyama za pua, karudi nyumbani, simu zinaanza: sista, daktari hakumpa antibiotiki hata moja, si atatunga usaha huyu? Au kinyume chake, kapewa za siku tano zimeisha, nimnunulie nyingine kemisti ili kidonda kikauke vizuri? Na wengine wala hawaulizi, wananunua tu.

Niseme nnavyoelewa halafu tujadiliane, wenzangu wa afya mlioko humu mtaongezea.

Antibiotiki ya kuzuia na ya kutibu ni kazi mbili tofauti kabisa hata kama dawa ni ile ile. Ya kutibu unapewa ukiwa tayari una maambukizi, unameza siku kadhaa mpaka umalize. Ya kuzuia unapewa huna maambukizi yoyote, kinachotakiwa ni kwamba kisu kinapopita dawa iwe ishafika kwenye damu na kwenye nyama pale panapokatwa, bakteria akiangukia pale asipate nafasi ya kushika. Ndo maana inapigwa kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kukatwa, mara nyingi pale pale thieta wakati mtu wa usingizi anakuandaa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 limeweka dakika 120 kabla ya kukata kuwa ndo mpaka, na likasema wazi operesheni ikiisha dawa ya kuzuia isiendelezwe. Inayotumika sana ni sefazolini, mtu mzima gramu 2, operesheni ikivuka saa 4 anaongezwa dozi, na operesheni nyingi za pua hazifiki huko.

Mafundi wa majahazi wa Lamu watanielewa upesi: kalfati hupigwa chombo kikiwa juu mchangani, hakuna fundi anayengoja kishushwe majini kwanza ndo aanze kuziba.

Na hili sio jambo la juzi. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, John Burke, aliwadunga simbilisi (wale wanyama wadogo wa maabara) bakteria kwenye ngozi halafu akawapa antibiotiki kwa nyakati tofauti. Waliopewa kabla au wakati ule ule walifanya vizuri, waliopewa baada ya saa 3 ilikuwa ni kama hawakupewa kitu. Mwaka 1992 ukatoka utafiti wa watu sasa, wagonjwa 2,847 wa operesheni huko Salt Lake City. Waliopata dawa ndani ya saa 2 kabla ya kukatwa, walioambukizwa walikuwa 0.6 kwa kila 100. Waliopewa baadaye sana, saa kadhaa baada ya kukatwa, walikuwa 3.3 kwa 100. Dawa zile zile, hospitali ile ile, tofauti ni saa tu.

Sasa tuje kwenye pua yenyewe. Watu wanasema pua ni chafu, ina makamasi, ina vumbi, kwa hiyo lazima antibiotiki nyingi. Kweli pua haiko safi kama ngozi iliyopakwa dawa, na karibu mtu mmoja kati ya watatu anabeba bakteria waitwao stafilokoka puani bila kuumwa chochote. Lakini pua ina damu nyingi mno, kidonda chake kinapona haraka kuliko sehemu nyingi za mwili, ina vinyweleo vidogo visivyoonekana vinavyosukuma uchafu nyuma kila dakika, na makamasi yenyewe yana kitu kinachopasua bakteria. Alexander Fleming, huyo huyo wa penisilini ya 1928, kabla ya penisilini alikuwa ashagundua kitu hicho, kinaitwa lisozaimu, na alikipata kwenye makamasi ya pua yake mwenyewe alipokuwa na mafua. Alichapisha 1922. Kwa hiyo tusiidharau pua.

Matokeo yake maambukizi baada ya kunyoosha ukuta wa pua ni machache, kwenye tafiti nyingi hayafiki watu 3 kati ya 100, na tafiti zilipokusanywa pamoja waliomeza vidonge siku nyingi baada ya operesheni hawakuonekana kupona vizuri kuliko ambao hawakumeza. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo wa operesheni za kurekebisha pua mwaka 2017, kikasema daktari akiamua kutoa antibiotiki basi kwa kawaida zisizidi saa 24 baada ya operesheni. Saa 24, ndugu zangu. Huku kwetu mtu anarudi na za siku kumi.

Karibuni.

Fundi Milango, Langoni Lamu

Waaleikum salaam sista. Umenigusa mimi huo uzi manake nnasubiri tarehe ya kupasuliwa Mombasa. Kazi yangu ni kuchonga milango, vumbi la mbao ndo chakula changu, pua imeziba upande mmoja miaka mingi, daktari kanimulika akasema ukuta umepinda na nyama za ndani zimevimba. Yeye kasema atanyoosha na kupunguza hizo nyama. Sikumuuliza habari ya antibiotiki lakini ami yangu kashaniwekea Augmentin paketi mbili nyumbani anasema nianze kuzila siku tatu kabla ili niende nikiwa "nimekingwa". Je nizianze?

Nesi wa Thieta, Malindi

Hapana fundi, usizianze, na ami yako mwambie kwa heshima kwamba nia yake ni njema lakini siku tatu kabla hakukingi. Unachofanya ni kuua bakteria wepesi wa puani na tumboni, wanabaki wale wagumu, halafu unaingia thieta ukiwa na hao. Na tumbo likikuharibikia njiani basi safari ya Lamu mpaka Mombasa unaijua mwenyewe.

Siku ya kwenda kuonana na daktari kabla ya operesheni muulize hivi, muulize kwa adabu tu hakuna daktari atakayechukia: kwenye operesheni yangu utatoa antibiotiki? Kama ndio, ni lini? Na ukimaliza utaziba pua kwa pamba, itakaa siku ngapi? Hilo la pamba usilisahau, ntaeleza kwa nini. Pia mwambie kama kuna dawa inakudhuru, kama una sukari, na kama unavuta sigara au ugoro. Ugoro kama unatumia uache sasa hivi, sio siku ya operesheni.

Mwenye Kemisti, Malindi mjini

Mimi nauza dawa na nitasema ukweli wangu. Mteja anakuja na karatasi ya daktari, kaandikiwa amoksilini siku saba baada ya kupasuliwa pua, mimi ni nani nimkatalie? Na anayekuja bila karatasi nikimkatalia anavuka barabara anapewa duka la pili. Halafu kuna jambo mnalisahau, hizo tafiti zenu ni za Marekani na Ulaya. Huko hospitali ina hewa iliyochujwa, mgonjwa analala nyumbani pasafi. Huku kwetu joto, jasho, vumbi, maji ya kisima, mtu anarudi na tuktuk kidonda kibichi. Si afadhali tuwape siku chache za ziada kwa usalama? Sio ubishi, nataka kuelewa.

Afisa Kliniki, Mpeketoni

Hilo swali la kaka wa kemisti ni zito na ni la haki, wengi tunaofanya kazi huku tumelifikiria sana. Jibu zuri lipo na limetoka hapa hapa Kenya. Hospitali ya Thika mwaka 2011 walibadilisha sera yao ya antibiotiki za operesheni. Kabla ya hapo karibu kila aliyepasuliwa alikuwa anapewa dawa BAADA, na waliokuwa wakipewa kabla ya kisu walikuwa kama 2 tu kati ya 100. Wakakaa, wakaandika mwongozo wao wenyewe, wakageuza mpango: dozi kabla, na baada ya operesheni usiendelee bila sababu. Utafiti wao ulichapishwa 2013. Maambukizi ya vidonda hayakupanda, yalipungua. Na Thika ni hospitali ya serikali ya kawaida, wodi zinajaa kama zetu.

Kwa hiyo ile hoja ya "huku kwetu ni tofauti" inageuka. Mazingira yakiwa magumu ndo unahitaji zaidi dozi ile moja iingie kwa wakati, mikono ioshwe, vyombo vichemshwe sawasawa. Vidonge vya wiki nzima havisafishi vumbi la tuktuk. Kidonda kikishafungwa damu inaganda pale, dawa inapita kwa shida, inazunguka mwili mzima inapiga bakteria wasiohusika.

Na huku ndiko tunakoumia zaidi na usugu. Mwaka 2019 peke yake, bakteria sugu kwa dawa waliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko wote. Mimi nampokea mtoto wa miezi sita ana nimonia, naangalia kabati langu la dawa, na nnachonacho ni zile zile zinazoliwa kama njugu na watu wasioumwa. Hilo linanikosesha usingizi, nasema kweli.

Mwenye Kemisti, Malindi mjini

Nimekuelewa daktari. Hiyo ya Thika sikuijua. Ntaisoma.

Bin Matondoni

Na mimi nina suala. Ndu yangu amepasuliwa nyama za pua, yeo siku ya pili. Daktari amemwambia asipenge wala asitie kitu puani. Sasa udhu atautiaje, mai hayapandi puani? Mzee wetu asema udhu hautimii. Na ndani ya nyumba wamemtilia mafuta ya habasoda matone mawili, wasema ni dawa ya kila kitu, na jioni wafukiza udi. Nambieni ndia iliyo sawa.

Maalim wa Mkomani

Bin Matondoni, kwa suala la udhu nitakujibu mimi. Katika madhhab yetu ya Shafii kupandisha maji puani ni sunna, sio faradhi ya udhu. Udhu wake unatimia bila hilo na sala yake ni sahihi, na mgonjwa anayeogopa madhara hatakiwi kujidhuru. Mzee mwambie kwa upole. Kusukutua mdomo hakuna neno kama daktari hakukataza. Kwenye kusujudu, kama akiinama damu inachuruzika basi asali kwa kukaa, aashirie, mpaka apate nafuu.

Nesi wa Thieta, Malindi

Shukran sana maalim, umenipunguzia kazi, hilo swali la udhu naulizwa sana na jibu la nesi halimtoshi mzee.

Bin Matondoni, habasoda puani hapana kabisa, kidonda kibichi kile. Mafuta yakiingia ndani yanaweza kushuka mpaka mapafuni, na hakuna anayejua chupa ile imeshikwa na mikono mingapi. Ale kwenye asali akitaka. Udi na ubani wafukize chumba kingine au wangoje wiki mbili tatu, moshi unakausha na kuwasha kidonda, anapiga chafya, damu inaanza upya. Chafya ikija apige mdomo wazi. Asipenge wiki ya kwanza, asibebe mizigo, asiiname sana, alale kichwa juu kwa mito miwili. Hayo ndo yanayomkinga zaidi ya kidonge chochote.

Sasa niseme habari ya pamba nliyoahidi, manake hapa ndo penye hatari ya kweli ingawa ni nadra.

Zamani karibu kila operesheni ya pua iliishia kwa kuzibwa pamba au bandeji ndefu ndani, siku mbili tatu. Siku hizi madaktari wengi wanashona tu au wanaweka vibao laini vya plastiki, na ule mwongozo wa 2017 niliousema unashauri kutoziba pua kama kawaida. Pamba ikikaa muda mrefu ndani ya pua yenye damu, ile stafilokoka ambayo wengine tunaibeba inaweza kuzaliana na kutoa sumu. Sumu inaingia kwenye damu. Mtu anapanda homa kali ghafla, anatapika au kuharisha, ngozi inakuwa nyekundu kama imechomwa na jua, anasikia kizunguzungu, presha inashuka. Pua yenyewe inaweza isiwe na usaha wowote wa kukushtua! Na nisisitize: antibiotiki ya vidonge haikuhakikishii kwamba sumu hiyo haitatokea. Madaktari wengi bado wanatoa dawa wakati pamba iko ndani, hasa ikikaa zaidi ya siku mbili, lakini dawa kubwa ya hali hii ni kuitoa ile pamba mapema na kumkimbiza mtu hospitali. Usikae nyumbani unasema nnakunywa antibiotiki kwa hiyo niko salama. Homa na kutapika na pamba iko puani, usiku huo huo, hata kama ni kuamsha mwenye boti aje akuvushe Mokowe.

Dada wa Watamu

Mimi nina kisa na ndo maana siziamini hizi habari za "dozi moja yatosha". Nilinyooshwa ukuta wa pua hospitali moja ambayo sitaitaja. Siku ya tatu pua zote mbili zikaziba kabisa, maumivu, ncha ya pua imevimba ukiigusa unataka kulia. Nikapiga simu nikaambiwa ni kawaida endelea na dawa. Na dawa nilikuwa nazo, za siku saba, nikazimeza zote kwa saa bila kuruka hata moja. Nilipofika kwa daktari mwingine akafungua akakuta damu imeganda ikageuka usaha. Pua yangu imebonyea mpaka leo. Sasa kama na dawa za wiki nzima niliambukizwa, mtu wa dozi moja itakuwaje?

Nesi wa Thieta, Malindi

Pole sana dada yangu, pole kwa maumivu na pole kwa kuambiwa ni kawaida. Haikuwa kawaida.

Kisa chako naomba kila mtu akisome mara mbili, manake kinaonyesha jambo ambalo ningelieleza kwa maneno mengi lisingeeleweka. Kilichokupata kilianza kwa damu iliyojikusanya katikati ya ukuta wa pua, kati ya ule mfupa laini na ngozi yake ya ndani. Mfupa laini hauna mishipa yake ya damu, unalishwa na hiyo ngozi. Damu ikijaa pale katikati unakatwa chakula, na damu iliyoganda ni mahali bakteria wanapopenda. Antibiotiki uliyomeza haikuweza kuingia kwenye lile bonge, inasafiri kwa damu inayozunguka na pale hakuna damu inayozunguka. Dawa yake ilikuwa kufunguliwa na kumwagwa siku ile ile. Wiki nzima ya vidonge ilikupa wewe na yule aliyepokea simu matumaini kwamba mambo yako sawa.

Kwa hivyo dalili za kukimbilia hospitali baada ya kupasuliwa pua, mbali na zile za sumu: pua zote mbili kuziba ghafla na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, damu isiyokoma, uvimbe wa jicho au macho kuona vibaya, na kwa waliosafishwa sainasi (vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso), maji meupe kama ya kunywa yanayodondoka pua moja hasa ukiinama pamoja na kichwa kuuma. Hayo ya mwisho yanaweza kuwa maji ya ubongo. Usiende kemisti na hizi, hata kwa kaka yetu wa hapa juu.

Dada wa Watamu

Asante sista. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

Mama wa Mambrui

Na watoto je? Wangu ana miaka 6 ataondolewa tonsi na zile nyama za nyuma ya pua, anakoroma sana usiku mpaka pumzi inakatika. Nimeambiwa hakutakuwa na antibiotiki nikaogopa.

Afisa Kliniki, Mpeketoni

Usiogope mama. Kwa watoto wanaotolewa tonsi mwongozo wa Marekani tangu 2011 umesema wasipewe antibiotiki za kawaida kwa ajili ya kuzuia, na walipoupitia upya 2019 hawakubadilisha hilo. Ataumwa koo, pumzi itanuka siku kadhaa, utaona utando mweupe pale kwenye koo, sio usaha, ndo kidonda kinapona. Kazi yako ni maji, dawa ya maumivu kwa saa zake, na kutazama damu. Akitema damu mbichi nenda usingoje.

Mwanachuo wa Kilifi

Swali kwa sista na afisa. Je kuna watu ambao kweli wanahitaji zaidi? Manake nikisoma uzi naona kama mnasema antibiotiki ni mbaya. Babangu ana sukari na atarekebishwa pua iliyovunjika kwenye ajali ya bodaboda, watachukua mfupa laini wa sikio wauweke puani.

Nesi wa Thieta, Malindi

Umeuliza vizuri, na sio kwamba ni mbaya. Mimi nazipa kila siku na nimeona zikiokoa watu. Kuna wanaohitaji. Mtu anayewekewa kipande cha kiungo kama babako, mtu anayerudiwa operesheni ya pili ya tatu kwenye pua ile ile, mwenye kinga dhaifu, mwenye tatizo la vali za moyo ambaye daktari wa moyo ana utaratibu wake, na aliyeingia thieta tayari ana usaha kwenye sainasi, huyo wa mwisho anatibiwa sio kukingwa. Hao daktari atawapimia, na hata hapo dozi ya kabla ya kisu ndo msingi, ikiongezwa iongezwe kwa sababu inayotajwa, na iwe na mwisho.

Kwa babako naona sukari ndo jambo kubwa kuliko yote. Sukari ikiwa juu siku ya operesheni na siku zinazofuata kidonda kinachelewa na bakteria wanashangilia. Muanze kuishughulikia sasa, apimwe, dawa zake zirekebishwe, kuliko kutafuta antibiotiki kali.

Fundi Milango, Langoni Lamu

Nimerudi. Nimeonana na daktari jana, nimemuuliza yale yote. Kasema atanipiga sindano moja nikiwa mezani, basi. Pamba hataweka, ataweka vile vibao laini na kuvitoa baada ya wiki. Hakukasirika, alifurahi hata nimeuliza, akaniambia wengi hawaulizi. Ila nlimwambia nikiwa mdogo nlipigwa penisilini nikatoka vipele, akasema ataongea na mtu wa usingizi. Hapo sasa nina wasiwasi, watanipa nini? Na kasema nikirudi nisafishe pua kwa maji ya chumvi kila siku, nayatengenezaje? Huku maji yetu mnayajua, ya visima vya Shela.

Afisa Kliniki, Mpeketoni

Umefanya vizuri kusema, usilifiche hilo hata siku moja. Wengi walioandikiwa "ana mzio wa penisilini" wakipimwa sawasawa zaidi ya 9 kati ya 10 huonekana hawana, vile vipele vya utotoni mara nyingi vilikuwa vya ugonjwa wenyewe. Lakini huo upimaji haufanywi kwa kubahatisha nyumbani. Waeleze vilikuwa vipele tu au ulivimba mdomo, ukakosa pumzi, ukazimia. Vipele vidogo vya zamani, sefazolini mara nyingi inatumika bila shida kwa sababu umbo lake ni tofauti na penisilini. Kama ulikosa pumzi wanazo njia nyingine, kuna klindamaisini. Na kwa operesheni kama yako wanaweza hata kuamua usipewe kitu.

Nesi wa Thieta, Malindi

Alhamdulillah fundi, umepata daktari wa kueleweka. Zile paketi mbili za ami mpelekee mwenye kemisti akuelekeze pa kuzitupa, zisikae nyumbani akaja mtoto akapewa kwa mafua.

Maji ya chumvi: chemsha maji yachemke kweli kweli kama dakika tatu, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Ya kisima au ya bomba bila kuchemsha usitie puani kamwe, kuna vijidudu ambavyo ukivinywa tumbo linaviua lakini vikipitia puani vinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo, ni nadra mno lakini ni vya kuua. Kwenye kikombe cha mililita 250 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, ikikuwasha ongeza magadi soda kidogo, ile soda ya kupikia. Bomba la sindano kubwa lisilo na sindano linatosha, inama juu ya karai, fungua mdomo, sukuma taratibu upande mmoja yatoke upande wa pili, usisukume kwa nguvu wala usipenge baada yake, yaache yachuruzike. Anza siku daktari atakayokwambia, sio kabla. Chombo ukioshe kwa maji yaliyochemshwa kikauke. Maji yakibaki mwaga, ya kesho tengeneza kesho.

Na vumbi la mbao ukirudi kazini, valia barakoa nzito ya mafundi, sio kitambaa. Mwezi wa kwanza usipige msasa kabisa, wape vijana.